Muhuri wa Bi Zulfa

Tumepokea kwa waliopokea kwa wengine, na Mola ndiye ajuaye zaidi, kwamba jangwani palikuwa na miji mitatu, Zarkani, Marwaha na Tubaa, iliyotumia dirhamu moja. Kila mji ulikuwa na liwali wake na hazina yake. Sarafu ilikuwa ya wote. Wakawekeana ada: muhuri wa kugongea dirhamu ushikwe na mtu asiye na ndugu, wala asile chakula cha nyumba ya mtu. Walijua wanadamu. Sahani ya wali imenunua wengi.

Enzi hizo muhuri ulikuwa Zarkani kwa Bi Zulfa, mjane mcha Mungu aliyezika mume na watoto. Alikula uji wake peke yake, akizungumza na paka ambaye hakumjali.

Zikaja habari za wanyang'anyi. Liwali Naufal akataka ukuta mrefu na askari wa kukodi, na hazina ilikuwa tupu. Alikwisha kuimaliza kwa farasi wa maonyesho. Akamwendea Bi Zulfa.

"Bi mkubwa, tia shaba kidogo kwenye fedha, sarafu ziongezeke. Nani atajua?"

"Mkate utajua, mwanangu. Utapanda bei hapa, utapanda Marwaha na Tubaa, na ukuta wako hauwafichi watu wa huko hata kisogo."

"Basi tuchinjwe?"

"Nyumba yangu iko pembeni mwa mji. Nitatangulia mimi. Waombe watu wachange, na jirani waombe."

"Liwali haombi."

"Asiyeomba na hana, huiba."

Liwali akalainisha sauti. "Kwangu kuna yatima, Habiba. Anatafuta bibi wa kumsuka nywele. Ada tutaibadilisha."

Bi Zulfa akashika komeo la mlango. Alivyomtamani mtoto yule, Mungu ndiye shahidi.

"Mlete siku asiyokuwa na bei," akasema, akafunga mlango.

Mji ukamgeuka: kikongwe anataka tufe. Na kwa kuwa kurudisha salamu ni wajibu, waumini wale wakawa wanavuka njia wasije wakasalimiwa. Bi Zulfa akasubiri, akaswali, akagonga dirhamu za fedha safi.

Askari hawakuja bila malipo. Mwishowe liwali akasimama msikitini baada ya Ijumaa, akakiri kwamba hazina imeliwa na farasi. Watu wakaguna, lakini wakachanga. Farasi wakauzwa. Tubaa wakaleta mawe. Marwaha wakaleta dua. Ukuta ukaishia kifuani mwa mtu, na wanyang'anyi walipofika, farasi wao hawakuweza kuuruka, wakarudi walikotoka.

Zarkani wakafanya karamu. Bi Zulfa hakualikwa. Ada ni ada. Yule yatima hakuletwa, naye hakuuliza. Watu waliendelea kuvuka njia, sasa kwa haya.

Siku hiyo ya karamu akapita mwanamke muuza unga wa Marwaha, akaomba maji.

"Kwetu mkate haujapanda," akasema akinywa. "Sijui ni nani anayegonga dirhamu hizi."

"Mtu tu," akajibu Bi Zulfa. "Ongeza maji, njia ni ndefu."

"Assalamu alaykum, mama."

Bi Zulfa akaitikia kwa ukamilifu, mpaka rehema na baraka, akabaki mlangoni hadi mgongo wa yule mwanamke ukapotea mchangani.

Enyi waumini, uaminifu haukuahidiwa wageni mlangoni. Anayetaka kushukuriwa asipokee muhuri.