Mashimo ya Mababu

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba, wakwe na vikao, palikuwa na bonde moja kando ya mto, huko Usomalini. Udongo wake ulikuwa mweusi, mnono. Ukidondosha mbegu leo, kesho inakuuliza umechelewa wapi.

Bonde hilo lilikuwa na koo mbili kubwa, Viboko na Nyati, na mfereji mmoja uliozibwa na matope.

Mwisho kabisa wa mfereji aliishi Dahabo Digidigi, paa mdogo asiyefika hata goti la Nyati. Alikuwa na wana wawili na shamba la ufuta, na ufuta ulikuwa umeanza kunyauka. Wiki moja zaidi bila maji, mwaka huo wanawe wangekula upepo.

Akaenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Bonde. Kamati ilikuwa ikikaa tangu masika. Ilikwisha kunywa mabirika arobaini ya chai na haijainua jembe hata moja.

"Ami zangu," akasema, "nimekuja kwa ajili ya mfereji."

"Mhoo! Mfereji!" akanguruma Mzee Samatar Kiboko. "Bonde hili ni la Viboko, binti. Maendeleo yote unayoyaona hapa ni yetu."

Dahabo akatazama kushoto, akatazama kulia. Hakuona kitu.

"Yenu? Warya, wewe Kiboko!" Mzee Roble Nyati akapiga kwato, puu! "Babu yangu alilisha hapa ninyi mkiwa bado tope!"

"Sasa nani atachimba, ami?"

"Mwenye ardhi hachimbi," akasema Kiboko.

"Na mgeni haruhusiwi kuchimba," akasema Nyati. "Kwanza ijulikane mgeni ni nani. Na wewe, ukoo wako una mababu wangapi?"

"Watatu, ami. Na huyo wa tatu sina hakika naye."

Wazee wakacheka hadi birika likapinduka. Kisha wakafanya lile walilolijua vizuri kuliko kilimo: wakaanza kutaja nasaba. Samatar mwana wa fulani, mwana wa fulani... Roble mwana wa fulani, mwana wa fulani... Jua likavuka utosi.

"Huyo umeshamtaja!"

"Wallahi sijamtaja! Huyo ni mwingine, jina moja tu!"

Dahabo akawasikiliza. Pumzi zote hizo, akawaza, na misuli yote hiyo. Akakohoa kidogo.

"Ami zangu, maneno hupeperuka. Kila babu achimbiwe shimo lake, watu walione. Mwenye mashimo mengi, bonde ni lake."

Wazee wakatazamana. Kila mmoja akaona keshashinda.

"Ila shimo liwe na kina," Dahabo akaendelea. "Babu mkubwa halazwi kwenye kijishimo. Na mashimo yashikane, bila ukuta katikati. Nasaba iliyokatika, nasaba gani hiyo?"

"Umesema kweli!" wakapaaza sauti wote wawili.

"Viboko waanzie mtoni, Nyati waanzie kwangu. Fuateni mfereji wa zamani, udongo wake laini. Sitaki wazee waumie."

"Mtoto ana adabu," akasema Nyati.

Chubwi! Chakacha! Koo mbili nzima zikachimba. Viboko waliingia na maji ya mto nyuma yao, lakini Kiboko na maji ni kama wewe na shati. Siku ya tatu mababu wa kweli wakaisha. Nani aliacha kuchimba? Hakuna! Wakachimbiwa wajomba. Wakachimbiwa mababu wa wakwe. Nyati mmoja akamchimbia babu aliyemtunga palepale, na akamlilia.

Siku ya sita wakakutana, kikabaki kizingiti kimoja cha udongo kati yao.

"Hapa ni pa babu wa mwanzo kabisa, Gedi Mkuu!" akasema Kiboko.

Nyati akaduwaa. "Gedi? Gedi ni babu yetu sisi!"

"Kwa hiyo ninyi wazee ni ndugu?" akauliza Dahabo kwa upole.

"Usitutukane!" wakajibu kwa pamoja.

Kiboko akakivamia kile kizingiti cha udongo kwa meno, Nyati akakivamia kwa pembe, kila mmoja akimvuta Gedi upande wake. Gedi akamomonyoka. Gharika! Maji yakaruka shwaaa, yakambeba Mzee Roble mgongo chini miguu juu, yakamtua katikati ya ufuta.

Dahabo alikuwa tayari na jembe, akifungua matuta moja baada ya jingine. Wanawe wakacheza topeni.

Mzee Samatar akaja mbio, akihema. "Binti! Nani ameshinda?"

"Ningehesabu, ami, lakini mashimo yote yamejaa maji. Siyaoni."

Mzee Roble akajifuta matope machoni. Akaangalia maji yanavyopita, akaangalia jembe la Dahabo, akafungua mdomo kama aliyeanza kuelewa jambo. Kisha akaufunga, akamgeukia mwenzake.

"Tuunde kamati ya kuhesabu," akasema.

"Mwenyekiti awe Kiboko!"

"Wallahi hawi!"

Wakaondoka wakibishana, na ufuta ukanywa maji.

Nanyi wanangu, jueni hili: anayejisifia ardhi kwa mababu huishia kumchimbia mfereji yule anayelima.