Ufagio wa Sikudhani

Afagiaye uwanja ndiye aitaye ngoma. Mmeisikia leo kwa shangazi yenu, alipokuwa akisugua banda la kuku nanyi mkamcheka kwa kuwa kuku wenyewe hana. Kisha mkaja mbio kwangu kuuliza ni wahenga gani waliosema maneno hayo. Basi kaeni, na aliye na simu mkononi aiweke chini. Wahenga wa methali hii walikuwa na simu na bando kama nyinyi, na mmoja wao alikuwa msusi wa Muheza. Chanzo chake ni hiki.

Msusi huyo aliitwa Sikudhani. Alikuwa mcheshi, mbishi, na sauti yake ilisikika hadi ng'ambo ya barabara. Shoga yake tangu utoto alikuwa Tausi. Walikulia nyumba zilizotazamana, wakigawana uwanja mmoja, na jambo walilolipenda kuliko chakula ni ngoma. Ikilia mtaa wa tatu, wao wako mtaa wa tatu, na nyumbani wanatafutwa. Baadaye Tausi akasomea uuguzi, akapangiwa kazi Songea, na huko huko akaolewa.

Muheza na Songea si pua na mdomo. Mashoga hao walipigiana simu, lakini mazungumzo yakazidi kuwa mafupi: watoto hawajambo, mvua inanyesha, haya kwaheri. Watu waliozoea kucheza pamoja si lazima wawe na mengi ya kusema. Sikudhani aliuona urafiki wao ukichuja kama kanga iliyosahauliwa juani, na jambo hilo lilimuuma sana.

Ndipo likatangazwa gemu la mtandaoni lililoitwa Uwanjani. Lilitengenezwa na vijana wachache wa Arusha, na kiongozi wao alikuwa binti wa Kipare, jina lake Elirehema. Tangazo lilisema kwamba kila mchezaji atapewa uwanja wake, atawaalika wenzake popote walipo, na ngoma za kila aina zitalia. Ukishika simu yako ukacheza kweli kweli, mtu wako wa ndani ya gemu naye atacheza vilevile. Sikudhani alipoyasikia hayo alimwacha mteja na nusu kichwa, akampigia Tausi.

"Shoga, tutacheza tena!"

Tausi alipiga kigelegele palepale wodini, akanyamazishwa na wagonjwa.

Siku ya kufunguliwa ilipofika, watu walilipakua gemu kwa kishindo. Wakaingia, wakakuta uwanja. Pembeni palikuwa na mti wa mkungu unaopukutisha majani, ufagio wa chelewa umeegemezwa ukutani, na kibao kilichoandikwa "Ngoma inakuja." Basi. Ukiitafuta ngoma huioni, ukitaka kucheza hakuna cha kuchezea. Kitu pekee ulichoweza kufanya katika gemu lile ni kushika ufagio ukafagia.

Wale vijana walikuwa wametangaza siku kabla ngoma hazijawa tayari, kama mtu anayegawa kadi za arusi na posa yake haijajibiwa. Waliona haya kuahirisha. Wakasema wafungue hivyo hivyo, ngoma zitafuata. Lakini kila walipojaribu kuziingiza zote pamoja, gemu lililemewa: pigo lililomfikia mtu wa Muheza sasa hivi lilimfikia wa Songea limekwisha poa. Ngoma isiyosikika pamoja haichezeki.

Watu walikasirika, na walikuwa na haki. "Tumepigwa changa la macho!" waliandika. Mwanamke mmoja akasema, "Mimi kufagia nafagia kwa mama mkwe, sikuhitaji kufagia na simuni." Wengi wakalifuta. Waliobaki waliuliza kila uchao toleo jipya linakuja lini, na kwa kuwa hawakujibiwa, nao wakachoka.

Sikudhani naye alilaani siku ya kwanza, tena kwa sauti ile ile yake. Akamaliza kulaani, akaushika ufagio.

Hapo sina budi kuwaeleza habari za bibi yake, Bibi Mwanjaa. Mtaani kwao palikuwa na desturi moja. Wapiga ngoma wakipita mbele ya uwanja uliofagiwa, wakaona mistari ya ufagio imejipinda vizuri mchangani na hakuna unyayo uliokanyaga, hawaupiti bila kupiga japo wimbo mmoja. Kuupita ni kuutukana. Basi Bibi Mwanjaa, akisikia tu kuna ngoma kijiji cha pili, hata kama hakumwalika mtu wala hana cha kuwapa, alifagia. Alifagia kinyumenyume, kuanzia mlangoni hadi barabarani, akifuta nyayo zake mwenyewe. Wapiga ngoma wakirudi zao hoi, wanaukuta uwanja umewasubiri. Walinung'unika, wakamwita bibi mchawi, wakatua ngoma zao wakapiga. Sikudhani na Tausi walijua kufagia hivyo kabla hawajajua kusoma.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla hajafungua saluni, Sikudhani aliingia Uwanjani akafagia kinyumenyume. Mkungu ukapukutika, akafagia tena. Wateja wakamcheka. "Msusi, hilo gemu linakulipa mshahara?" Naye akajibu, "Tulia, nisije nikakusuka upande."

Lakini Tausi alipopiga simu, hapakuwa na utani.

"Siku, mimi nalifuta. Linajaza simu bure."

"Ngoja kidogo, shoga."

"Ningoje nini? Ile ngoma ya kwenye kibao?"

"Ukilifuta, tutakutana wapi?"

Tausi akasema, "Haya. Naliacha mpaka Jumamosi. Kwa ajili yako, si kwa ajili ya hao matapeli." Sikudhani alikata simu, akajifanya anatafuta kitana kwenye droo ili mteja asimwone machozi.

Huko Arusha nako hali ilikuwa mbaya. Wenzake Elirehema walikwisha kubaliana walifunge gemu. Yeye akaomba aziangalie nyanja za wachezaji kwa mara ya mwisho. Akafungua mmoja, majani. Akafungua wa pili, majani hadi dirishani. Akaendelea hivyo kwa moyo mzito, mpaka akaufungua uwanja mmoja akashtuka. Ulikuwa safi. Mistari ya ufagio ilikuwa imejipinda kutoka mlangoni hadi barabarani, na hapakuwa na unyayo hata mmoja. Alitazama, akabonyeza kitufe cha kuzungumza.

"Hodi. Habari yako, dada."

Sauti ilitokea kwenye simu ya Sikudhani, naye alikuwa kazini, kitana kinywani. Akakitoa. "Karibu uwanjani. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Elirehema. Mimi ni miongoni mwa waliotengeneza gemu hili."

"Alaa! Ndio nyinyi? Nina maneno yenu, ila leo nina mteja."

Elirehema akacheka bila kutaka. "Unajua kwamba hakuna ngoma humu?"

"Najua. Ndiyo maana nafagia. Ngoma ingekuwapo, ningekuwa nacheza."

"Na mbona unafagia kinyumenyume?"

Sikudhani akamsimulia habari za Bibi Mwanjaa, huku akisuka. Elirehema alisikiliza hadi mwisho. Naye alikuwa na lake moyoni: ule ufagio aliuweka mwenyewe, kwa kumkumbuka bibi yake wa Same aliyekuwa akifagia hata njia ya majirani, na wenzake walimwambia hauna kazi.

"Dada," alisema, "ukweli ni kwamba tulitaka kufunga. Ngoma zote kwa pamoja zimetushinda. Iliyo nzima ni moja tu, tena ndogo."

"Moja?" Sikudhani akapandisha sauti mpaka mteja akaruka kitini. "Mnayo moja na mmeificha? Wewe umeona wapi ngoma zote zikaanza kulia kwa pamoja? Huanza moja, nyingine zikasikia wivu! Ileteni. Shoga yangu ananipa hadi Jumamosi."

Elirehema alirudi kwa wenzake, akawaonyesha ule uwanja. Hakuhutubu. Wakautazama, mmoja akavuta kiti, mwingine akavuta chake, kazi ikaanza.

Jumamosi alasiri Tausi aliingia Uwanjani akiwa jikoni kwake Songea, kidole tayari kulifuta gemu. Mtu wake akasimama karibu na mtu wa Sikudhani, mlangoni, ili wasikanyage mistari. Majani hayakuwapo. Kibao hakikuwapo pia.

"Wamekiiba hata kibao," alisema Tausi.

"Nyamaza. Tazama barabarani."

Kwa mbali alikuwa anakuja mpiga ngoma mmoja, ngoma ndogo kwapani. Akaupita uwanja wa kwanza uliojaa majani. Akaupita wa pili. Sikudhani alishika kifua. Mpiga ngoma akafika kwao, akatazama chini, akaiona ile mistari. Akasimama. Akaitua ngoma.

Kwa kuwa ilikuwa moja, na nyepesi, ilifika Muheza na Songea kwa pigo moja. Sikudhani alipiga ukelele, akaanza kucheza katikati ya saluni, na mteja wake, nywele nusu zimesimama, akainuka naye. Tausi alicheza jikoni hadi sufuria zikalia. Mama mkwe wake akaingia na mwiko mkononi.

"Mwanangu, umepatwa na nini?"

"Ngoma imekuja, mama!"

Yule mama akautazama uwanja wa simuni, akausikiliza ule mdundo, akafunga kanga kiunoni. Mwiko hakuuweka chini, alicheza nao.

Wimbo ulipokwisha, mashoga wale walibaki wakihema na kucheka, kila mmoja akimsikia mwenzake. Tausi ndiye aliyesema kwanza. "Haya, Siku, nimeshindwa. Afagiaye uwanja ndiye aitaye ngoma."

Habari zikaenea kwamba mpiga ngoma hasimami ila kwenye uwanja uliofagiwa. Waliofuta gemu wakalirudisha, na hata yule mwenye mama mkwe alionekana akifagia kwa bidii. Ngoma ya pili ikaletwa, kisha ya tatu, kila moja ikizoewa kwanza. Na maneno ya Tausi yakatoka simuni yakaingia sokoni, shuleni na majumbani, mpaka leo mnayasikia bandani kwa shangazi yenu.

Msiniambie ni sawa na subira yavuta heri. Mwenye subira anaweza kukaa kibarazani akasubiri. Sikudhani alitumaini huku mgongo umeinama. Kwa hiyo nendeni mkamsaidie shangazi yenu kusugua lile banda, tena msikanyage alipokwisha safisha. Kuku wako njiani, nami sijui watatoka wapi. Afagiaye uwanja ndiye aitaye ngoma.