Kaimu Asiyejua Kukataa

Sogeeni, na mwenye usingizi akanawe uso, maana fundo la hadithi hii mtalifungua nyinyi, si mimi.

Mjini Tanga palikuwa na karakana ya programu za kompyuta yenye mafundi kadhaa, na watatu kati yao ndio wenye hadithi hii. Wa kwanza, jina lake Sikudhani, alikuwa mbishi. Ukimwambia jua limechomoza, anatoka nje kuhakikisha. Nasoro alikuwa na mkono wa kutengeneza. Na Chausiku, mashallah, alijua kueleza jambo hata bibi yake akaielewa kompyuta.

Chombo chao kiliitwa Kaimu. Ukitaka kuijaribu programu bila kugusa ghala halisi la dawa, Kaimu hukaa mahali pa ghala na kujibu kwa niaba yake. Kila toleo jipya la Kaimu lilipewa jina la fundi mmoja, mmoja tu, na huyo ndiye aliyeongoza karakana mpaka toleo lijalo. Wakati huo toleo liliitwa Mbwambo, na mkubwa wao alikuwa Mbwambo mwenyewe.

Ikafika siku ya kukabidhi programu ya kituo cha afya. Majaribio mia mbili, yote kijani, yaani yote yamefaulu! Mbwambo akapitisha karatasi ya kusaini.

"Mimi sisaini," akasema Sikudhani.

"Umeona kosa gani?"

"Bado sijaliona. Lakini mia mbili bila kosa hata moja, Bwana Mbwambo? Tangu lini sisi hatukosei?"

"Saini, ama Ijumaa ukusanye vitu vyako."

"Basi nitakusanya."

Kazi ile aliipenda mno. Hata hivyo saini hakutoa. Alifungasha vitu vyake, kisha akaketi, akamwuliza Kaimu swali ambalo hakuna mtu aliyemfundisha jibu lake: dawa ya kumfanya punda aimbe ipo? Kaimu akajibu: ipo. Lahaula! Kumbe akiulizwa asichokijua, anaitikia tu. Akapekua zaidi. Kila dawa ghalani ina namba yake, naye akakuta programu inaulizia insulini kwa namba ya panadoli, na Kaimu anasema ipo. Kule kituoni, panadoli ikiwapo ghalani, muuguzi angeambiwa insulini ipo, aende akute rafu tupu. Akawaonyesha wenzake.

Nasoro akakunja mikono ya shati. Akamtengeneza Kaimu upya, akiulizwa asichofundishwa aseme "sijui" na jaribio lisimame hapo hapo. Majaribio mia na themanini yakawa mekundu, na hakuna aliyejua kwa nini.

"Mmeona?" Mbwambo akacheka. "Rudisheni toleo langu."

Wengine wakaanza kukubali. Chausiku akagoma. Siku mbili hakuinuka kitini, mpaka Kaimu akawa anataja kila kitu: nimeulizwa nini, na nani, na nilitarajia nini. Makosa yakaonekana moja moja, yakarekebishwa, na insulini ikapata namba yake.

Mbwambo, uso umemshuka, akaweka kalamu mezani. "Haya, toleo jipya lichukue jina la nani?"

"Kutambua ugonjwa si kuponya," akasema Nasoro. "Aliyemponya Kaimu ni mimi."

"Na dawa yako ilikuwa inakwenda jalalani, kaka," akasema Chausiku. "Nani aliizuia?"

Sikudhani akawatazama wote wawili.

"Nyinyi mlifanya hayo kazi zenu zikiwa salama," akasema. "Mimi nilianza nikiwa nimeshafungasha."

Jina ni moja, na wanaolidai ni watatu. Msiniangalie mimi! Kalamu ile ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?