Mtaimbo wa Salimini

Kila anayefiwa na mwenzake wa kazini hunijia mimi kutaka kisa hiki, utadhani nimekiweka mtungini. Haya, kaeni. Anayetaka kusinzia akasinzie kwake.

Imepokewa kwa waliotutangulia kwamba huko Hadhramauti palikuwa na mchimba visima mcha Mungu, jina lake Ubaidi, aliyewaongoza wenzake wanne. Ada yake kila asubuhi ilikuwa kuijaribu kamba kwa kuning'inia kwa uzito wake wote, kabla mtu hajashuka. Siku moja tajiri Nuumani, mwenye kisima na mwenye kamba, aliwasimamia akifoka kwamba jua limepanda na maji hayajafikiwa. Ubaidi akaigusa kamba kwa mkono tu. "Bismillahi, shuka." Salimini, mmoja wa wale wanne, akashuka. Kamba ikakatika.

Walimzika alasiri ile. Kesho yake wale watatu waliobaki walikaa kando ya kisima, hakuna aliyethubutu kuchungulia. Mtaimbo wa marehemu ulikuwa bado kule chini. Nuumani akamvuta Ubaidi pembeni.

"Waambie watu alijifungua kamba mwenyewe kwa uzembe wake. Visima vyangu vingine viwili nitawapa nyinyi mchimbe. Ukitaja kamba, aliyemshusha ni wewe. Nani atakufuata tena?"

Maneno yalimchoma, maana yale ya mwisho yalikuwa kweli. Na uvumi ule wa uzembe ulikwisha kumfikia mjane wa Salimini ndani ya eda yake. Ubaidi akasali rakaa mbili, akawarudia wenzake.

"Ndugu zangu, kamba ilikuwa mbovu, nami sikuijaribu. Niliogopa kelele za tajiri kuliko nilivyomwogopa Mola wangu. Anayetaka kiongozi mwingine na amtafute."

Harithi, mkubwa wao, akajipangusa pua. "Tulikuona, Ubaidi. Tangu jana tunangoja useme. Ungesema alijifungua kamba, tungekuacha hapa na tajiri wako."

"Mmekwisha?" akasema Nuumani. "Shikeni majembe."

"Siku tatu tuko matangani, bwana. Na baada ya hapo hatushuki mpaka umsafishe Salimini jina lake," Harithi akamjibu.

"Nitaleta wachimbaji wengine."

"Walete. Na kamba uwaonyeshe."

Hakuja mtu. Mitende ya Nuumani ikaanza kukauka, akakimbilia kwa kadhi kushtaki. Kadhi akaagiza kamba iletwe, akaivuta kidogo, ikamkatikia mkononi.

Watu hudhani subira ni kuinamisha kichwa. Wale wanne walisubiri wamekaza shingo, na Mola akaipokea subira yao.

Ijumaa, baada ya swala, Nuumani alisimama mlangoni kwa mjane akayafuta maneno yake ya uzembe, mji mzima ukisikia. Kisha, kwa amri ya kadhi, akafungwa kamba mpya. Ubaidi akaijaribu kwanza, kama ada yake, halafu tajiri akateremshwa gizani kuufuata mtaimbo, ili mjane arudishiwe. Alipopandishwa ameukumbatia, kanzu yake ilikuwa imelowa chapachapa, na kisima kile kilikuwa bado hakijafikia maji.