Herufi za Ngoma Mlangoni kwa Bi Mwanamvua

Hapo zamani, na leo naomba msinikatize maana hadithi hii inanitia haya, mji wetu ulikuwa na duka moja tu la kupiga chapa. Duka lile lilikuwa na seti moja tu ya herufi kubwa. Alizichonga Fundi Shekiondo kwa mti: nene, zenye matumbo, zimesimama juu ya vijiguu vipana, mikia imejikunja. Ukizitazama unacheka. Matangazo ya ngoma yote yalipigwa kwa herufi zile. Ngoma ilikuwa Alhamisi alasiri, kwenye nyumba iliyobandikwa tangazo mlangoni. Hata wasiojua kusoma wakiziona walianza kujifukiza udi.

Basi akafa Shaame, mtoto wa Bi Mwanamvua. Hitima ya arobaini ikaangukia Alhamisi. Nduguye, Makame, akaenda kwa Mbaruku mpiga chapa. Akamwambia, "Nataka jina la ndugu yangu lionekane tangu sokoni." Tangazo la hitima likapigwa kwa herufi zile zile, likabandikwa mlangoni kwa Bi Mwanamvua.

Alhamisi wakaja wanawake wa mtaa wa pili. Wakaja na sare za kanga, wakaja na vigelegele, na aliyetangulia mbele ni bibi yangu mzaa mama, tari mkononi. Wakafika, wakakuta watu mkekani, juzuu mikononi. Vigelegele vikakatika. Bibi akaificha tari ndani ya kanga, nayo ikazidi kulia.

Bi Mwanamvua akainuka. Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Watu wakaanza kutupiana lawama.

Makame akasema, "Mimi nilitaka jina kubwa tu. Herufi anazijua mwenye duka."

Mbaruku akasema, "Nilijua, wallahi nilijua, nikanyamaza nisipoteze mteja. Lakini kubwa nyingine sina. Miaka mitatu namwomba fundi anichongee za heshima."

Fundi Shekiondo akasema, "Nilichonga tatu, zikanichosha. Hazichezi. Nikaziacha. Lakini mlangoni kwa mfiwa sikubandika mimi."

Bibi yangu akasema, machozi yanamtoka, "Mimi sijui kusoma. Njiani nilipishana na wanaojua, wengi tu. Niliona aibu kuuliza."

Mlango ukafunguka kidogo. Sauti ya Bi Mwanamvua ikatoka: "Nimewasikia. Wengine wote nimewasamehe, waende zao. Mwenye kosa aingie peke yake, anitazame usoni, aniambie, 'Ni mimi.'"

Hakuna aliyesogea. Makame akatazama vidole vya miguu yake. Mbaruku akafuta wino ambao haukuwapo. Fundi akaficha mikono mgongoni. Bibi akataka kupiga hatua, tari ikalia, akasimama.

Mlango uko wazi, mama anangoja. Msinionee haya mimi kwa sababu ya bibi yangu, semeni tu. Je, katika wale wanne, nani alistahili kuingia?