Konzi ya Unga ya Bi Mwanamvua

Akiba haiozi. Ndivyo alivyosema muuza duka asubuhi, nanyi wajukuu mmerudi mnacheka: mbona unga wetu wa juzi umeota ukungu, nao ulikuwa akiba? Msicheke sana. Swali lenu ni kongwe kuliko duka lake, na methali yenyewe ilizaliwa na swali hilohilo. Ilianza hivi.

Katika kijiji kimoja cha Bonde aliolewa msichana aitwaye Mashavu, mdadisi asiyeona mfuniko akaacha kuufunua. Mama mkwe wake, Bi Mwanamvua, watu walisema ana mkono wa birika. Chakula kikiiva, alichomoa kuni akazizima kwa majivu ili ziwake tena jioni. Maji ya kuoshea mchele aliimwagia migomba. Nazi aliikamua mpaka machicha yakakauka kama vumbi la mbao. Yote hayo Mashavu aliyaelewa, hata akayapenda. Jambo moja tu lilimkaa rohoni. Kila siku, unga wa ugali ukishapimwa, Bi Mwanamvua alichota konzi moja akaitia katika chungu kidogo pembeni.

“Mama, hiyo ni ya nini?”

“Akiba, mwanangu.”

Akiba gani isiyojaza chungu? Leo unga umefika nusu, kesho kutwa chungu kitupu, na Bi Mwanamvua huyo anarudi na kikapu kitupu, anaimba. Unga huo unakwenda wapi? Kwa binti zake walioolewa? Mashavu alitamani kujua, lakini mgeni wa juzi hamhoji mkwe.

Kisha akashika mimba. Akapiga hesabu, akaona atajifungua katikati ya masika, wakati ghala zimekauka na mahindi bado mabichi shambani. Mzazi asiye na uji atapata wapi maziwa? Hofu ikamwingia. Ndipo naye akaanza kuchota konzi yake, kwa siri, akaitia katika chungu chake mwenyewe uvunguni. Kilipojaa alikiziba kwa udongo. Akiba yake yeye haitatembea, alijisemea.

Masika yakaja, na mtoto akaja, wa kike, mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Ghalani kulikuwa kumebaki vumbi. Mashavu akamwomba mama mkwe avute chungu kutoka uvunguni, kisha yeye mwenyewe akabandua udongo kwa fahari.

Harufu ikawapiga usoni. Unga ulikuwa umeshikana mabonge, umegeuka kijani kwa ukungu, na wadudu wanatembea juu yake. Mashavu alilia, aibu na hofu pamoja.

“Mama, mwanangu atanyonya nini?”

Bi Mwanamvua hakumkemea. Kabla hajajibu, hodi ikapigwa mlangoni, akaingia Mama Mhina na bakuli la unga wa muhogo.

“Hongera, mzazi. Nyumba yetu ilipoungua, watoto wangu walikunywa uji wenu.”

Hajaketi vizuri, akaingia Bi Chausiku, mjane wa ng'ambo ya mto, amebeba mtama uliotwangwa. “Mume wangu alipokuwa mgonjwa, konzi zako zilitulisha, Bi Mwanamvua. Sijasahau.” Nyuma yake waliingia wengine, huyu na kibaba, yule na nusu yake, kila mtu kwa alichonacho.

Wageni walipoondoka, Mashavu alichovya kidole katika unga ule, akaunusa. Hata katika machozi alikuwa mdadisi.

“Lakini mama, huu ni mpya kabisa. Ndio ule uliokuwa ukiutoa?”

Bi Mwanamvua akacheka. “Ule waliula zamani, ukaisha. Huu wameutwanga jana. Wewe uliuweka chunguni, mimi niliuweka kwa watu. Unga huoza, mwanangu. Akiba haiozi.”

Arobaini ilipotimia, Mashavu alirudi jikoni. Chungu chake alikuwa amekiosha na kukianika juani. Akapima unga, akachota konzi moja, akageuka.

“Mama, leo iende kwa nani?”

Haya, wajukuu, inukeni. Ule wenye ukungu katupeni. Uliobaki mzima, pimeni kibaba mmpelekee jirani yetu aliyejifungua jana, na msisubiri hadi uote kitu. Akiba haiozi.