Fisi Aenda Kuposa

Paukwa? Pakawa.
Palikuwa na mlango. Nje nani? Mwenye njaa. Ndani nani? Mwenye hofu.

Fisi alikwenda kwa Mama Paa kumposa binti yake, Mashavu. Mama Paa alishindwa kukataa, kwa kuwa Fisi akikataliwa huvunja mlango. Alishindwa pia kukubali, kwa kuwa wake wawili aliowaoa Fisi zamani hawakuonekana tena. Akamwita Nguchiro, somo aliyemfunda binti, mfupi wa miguu, mrefu wa akili.

Nguchiro akaketi nyuma ya mlango. Akamweleza Fisi kwamba nyumba hii haipokei mshenga. Mposaji husema mwenyewe, na akisema kwa moyo, hupewa akipendacho.

"Mtaapa?" akauliza Fisi.

"Tutaapa, baba. Na wewe uape kwamba hutadai kingine."

Wakaapa.

Fisi akaanza kusema. Macho ya Mashavu ni nyota, tiriri. Shingo yake ni mnazi, tiriri. Mwendo wake ni maji ya mto, tiriri. Nguchiro akasikiliza, asifurahi. Yeye alizoea vijana waliopenda kweli: hukwama, hujikwaa, husema moto na papo hapo wakasema baridi. Huyu hakukwama hata pumzi moja.

"Na siku ya harusi, bwana, itakuwaje?"

Fisi akasema wageni watakuja, tiriri. Ngoma italia, tiriri. Kisha utaletwa ubavu wa ng'ombe. Hapo sauti ikakatika.

"Ubavu... wenye mafuta pembeni... Yaani, somo, hata sijui nisemeje. Nikiufikiria naungua, na huku natetemeka. Usingizi sipati." Akalia, kwikwi, kwikwi.

Nguchiro akashusha pumzi. Akatoka kwa mlango wa uani, akatumbukiza mfupa wa ubavu katika mtungi wenye shingo nyembamba, akarudi.

"Hayo ndiyo mapenzi, baba," akasema. "Tumeyasikia, na kiapo ni kiapo. Mpenzi wako yumo mtungini, huko uani."

Fisi akazunguka mbio, akanusa, akasukuma kichwa ndani. Kwaa. Kikaingia, kikakataa kutoka. Akatimka porini, ko mti huu, ko mti ule, na Mashavu akamsikia akibembeleza humo mtungini:

"Usiogope, mpenzi. Tuko pamoja."

Hadithi imelala, atakayeiamsha na ailishe. Funzo lake ni kwamba msema kweli hupata akipendacho. Ila kijana akienda kuposa, ashibe kwanza.